Maganda ya Kengele

Jumatatu, 4 Machi, saa sita mchana

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na natumaini barua inakukuta mzima, zamu za usiku hazijakumaliza na mgongo umetulia. Huku tuko wawili wazima na mmoja mgonjwa. Mgonjwa si Mama, kwa hiyo vuta pumzi, kaa chini, usianze kutafuta begi.

Mgonjwa ni wajina wako. Kengele hawezi kutaga.

Ningekupigia simu, lakini sheria ya nyumba hii unaijua. Tangu siku ile tulipokatiana simu mara nne kwa mchana mmoja, Mama alituapisha kwamba tutaandikiana tu, maana kwenye karatasi mtu hawezi kumkatiza mwenzake. Leo asubuhi nilishika simu. Akaniangalia. "Kiapo ni kiapo," akasema, "na gari la mikate linapita saa saba." Basi naandika. Dereva atakufikishia jioni, na ukijibu leo leo, kesho asubuhi nitapata jibu pamoja na mkate.

Hajataga tangu Ijumaa. Jana alishinda akiingia na kutoka kwenye kisanduku chake cha majani makavu, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Leo amesimama katikati ya ua, wima kama mlinzi wa benki, mkia chini, mbawa zimelegea, macho nusu yamefumba. Kila baada ya muda anachuchumaa, anajikamua, anasimama tena bila kitu. Ukimpapasa chini ya mkia unalisikia, limekaa pale kama limau ndani ya soksi.

Nilimwita bwana mifugo. Alisimama getini, hata pikipiki hakuizima. "Kuku mmoja?" akasema. "Chinja, mama, mle." Mama akamsikia. Akainuka bila fimbo, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka jana, akamwendea Kengele, akamfunika kwa shali lake, akamwambia yule bwana, "Na wewe ukiumwa tumbo tukuchinje?" Akaondoka na pikipiki yake.

Nikampaka mafuta. Ya cherehani. Usinicheke. Ndiyo yaliyokuwa karibu, na mashine yangu ikikwama ndiyo dawa yake. Sasa kuku mzima ananuka karakana na bado hajataga.

Mama hajala tangu jana mchana. Nimempikia, amesukuma sahani. Mwaka juzi nilipolazwa siku tisa na nimonia, jirani aliniambia kwamba Mama anakula vizuri na anaomba nyongeza. Mimi siku tisa, nyongeza. Kuku siku tatu, sahani inarudi. Wala sishangai. Wenzake wote walipoliwa na kicheche akabaki yeye peke yake, Mama alimpa jina lako la utotoni. Anasema ni kwa sababu ya kelele zake akishataga. Mimi najua ni kwa sababu ya nini. Na kila yai analotoa, Mama huliandika tarehe kwa penseli, hulifunga gazeti, hulikabidhi kwa dereva likufikie. Kuku analala kwangu, anakula kwangu, ananyea mlangoni kwangu, anatagia mji mwingine.

Jambo la mwisho. Ile barua yako ya mwezi uliopita, ya kumtaka Mama ahamie kwako kwenye chumba chenye dirisha la mashariki, nilimsomea neno kwa neno kama ulivyoomba, hata pale ulipoandika "Dada naye apumzike." Akasema, "Kengele nitamwachia nani?" Hakusema binti yangu nitamwachia nani. Kwa hiyo ujue kwamba anayemshikilia Mama hapa si mimi, ni kuku. Kuku huyu akifa, Mama atakuwa kwako kabla ya mwisho wa mwezi.

Wewe ni mkunga. Niambie cha kufanya, kama una moyo wa kumponya anayekuzuia.

Wako,
Dada


Jumatatu, 4 Machi, jioni

Dada, shikamoo.

Pole kwa uuguzi. Bega lako la upande wa cherehani linaendeleaje? Mimi mgongo haujambo, miguu ndiyo inadai haki zake. Namshukuru dereva, alinisubiri chini ya ngazi mpaka nikatoka kazini.

Kwanza, futa hayo mafuta ya cherehani. Yote. Kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, taratibu, usimtie maji machoni.

Wanawake niliowazalisha siwajui idadi, kuku sijamzalisha hata mmoja. Lakini mwenzangu wa zamu alilelewa kwenye banda la kuku, nimemshika mkono akiwa anaondoka na hakutoka mpaka akanieleza. Chukua beseni, tia maji ya uvuguvugu kama ya kuogeshea mtoto, pima kwa kiwiko. Mkalishe humo maji yamfike tumboni, dakika ishirini, maji yakipoa ongeza. Joto linalegeza misuli, hata kwetu ni hivyo hivyo. Kisha mkaushe vizuri, mpake mafuta ya kupikia kwenye tundu la kutagia, ya kupikia, Dada, halafu mweke kwenye boksi penye giza na ukimya, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kando yake. Maji ya kunywa karibu. Rudia asubuhi na jioni. Usimkamue tumbo. Usijaribu kulivuta yai. Likipasukia ndani, tumempoteza. Wewe ni mtu wa mikono, najua itakuwasha. Ikunje.

Mwenzangu pia ameuliza kama anapewa maganda ya mayai yaliyosagwa. Kuku asiyepata maganda hutengeneza yai lenye ganda jepesi, na misuli yake ya kusukuma hukosa nguvu. Nimemwambia kwamba kwetu kutwanga maganda ni kazi ya Dada tangu zamani. Bado unatwanga?

Sasa hilo la moyo.

Ndiyo, niliposoma kwamba kuku akifa Mama atakuja, moyo wangu uliruka. Mara moja tu. Nikaona aibu, nikanawa uso, nikashika kalamu. Ninakuandikia dawa ya kuku ambaye akipona nitabaki peke yangu na dirisha langu la mashariki. Kama huo si moyo, niambie moyo ni nini.

Unanionea wivu wa mayai! Wewe unamwosha Mama miguu kila jioni. Wewe unajua leo amevaa shali gani, amekohoa mara ngapi, amemsengenya nani. Mimi najua tarehe ya yai. Nikilifungua lile gazeti nalinusa kwanza, kama mwehu, kuona kama lina harufu ya nyumbani. Tubadilishane, Dada. Chukua mayai yote, nipe jioni moja ya miguu.

Mama ale. Mwambie mimi nimesema.

Mdogo wako


Jumanne, 5 Machi, saa sita na nusu

Mdogo wangu,

Barua imefika ikiwa na siagi ubavuni. Ahsante kwa kujibu jana ile ile, na miguu iweke juu ya mto ukilala. Bega langu limo, linalalamika kwa zamu na mimi.

Nilimwambia Mama kwamba umesema ale. Alikula. Vijiko sita. Mimi nilikuwa nimesema mara kumi na moja.

Kuku nimemwosha, maji yakatoka meusi kama nimefua ovaroli ya fundi magari. Kisha nikatoa beseni la bluu, lile ulilokuwa ukiogeshewa wewe. Nikapima maji kwa kiwiko. Mama naye akasogea, akatia kiwiko chake.

"Ya moto," akasema.

Nikaongeza ya baridi.

"Sasa ya baridi."

"Mama, huyu ni kuku."

"Na wewe ulikuwa nani? Nilikupimia hivi hivi."

Nilijiandaa kwa vita, nimejifunga taulo mkono mzima. Basi alipoguswa na maji tu akalegea. Akanyoosha shingo, akaegemeza mdomo ukingoni mwa beseni, akafumba macho. Dakika ishirini nimepiga magoti, kiganja changu chini ya kifua chake. Moyo wa kuku unakwenda mbio kuliko nilivyodhani, kama cherehani isiyo na nguo chini ya sindano. Mama amekaa kwenye stuli anaongea naye. Mimi leo nimeambiwa "ya moto" na "ya baridi." Kuku kaambiwa jinsi Baba alivyopaka rangi nyumba hii yote peke yake wiki moja kabla ya ndoa, akakosea rangi, akalia. Umewahi kuisikia hiyo? Mimi miaka arobaini na tisa sijawahi. Nimeisikia leo nikiwa nimeshika tako la kuku.

Hajataga. Lakini alipotoka majini alitikisa manyoya na akanywa maji, jambo ambalo jana hakulifanya. Nimempaka mafuta ya kupikia. Yuko kwenye boksi la nyuzi, chini ya meza yangu ya kukatia, amefunikwa suruali ya mwalimu mkuu ambayo ilitakiwa iwe tayari leo. Mwalimu alipokuja nikamwambia suruali iko kazini. Mikono nimeikunja kama ulivyosema, na imeniwasha kama ulivyosema.

Umeuliza habari ya maganda. Kila Jumamosi nachukua maganda kwenye mgahawa wa kona, na kila Jumamosi Mama anasikia kinu. Muulize yeye. Mimi kuhojiwa kama mshitakiwa sitaki. Nilikuomba dawa, sikukuomba upelelezi.

Na usinifundishe kuhusu miguu. Miguu ninaiosha mimi, lakini nikiiosha ananiuliza wewe umeandika nini.

Dada


Jumanne, 5 Machi, jioni

Dada, shikamoo.

Nafurahi kuku amekunywa maji. Nafurahi zaidi kwa vile vijiko sita, na wewe pia ule, mkaidi mkubwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeandika kwamba unachukua maganda na kwamba Mama anasikia kinu. Hukuandika kwamba kuku anakula maganda. Dada, mimi kila siku nakaa na wanawake wanaonificha mambo wakiwa katikati ya uchungu. Wote huanza hivyo hivyo, kwa kunijibu swali la jirani.

Sikuhukumu. Nataka kuku aishi.

Dereva amebeba kopo la maziwa. Ndani kuna maganda, nimeyakaanga kavu jioni hii na kuyasaga kwa chupa mpaka yamekuwa kama chumvi. Changanya kijiko kimoja na uji, mlishe kidogo kidogo. Ni maganda ya mayai ya Mama. Nilikuwa nayatunza, nusu nusu, kwenye sanduku la viatu, kwa sababu yana mwandiko wake. Miaka miwili ya tarehe. Nilianza kwa kuchagua yasiyosomeka, nikaona ni machache, nikasaga yote. Nimebakiza moja.

Usinishukuru. Nililia nikiyasaga, na nilikuwa nikikutukana wewe.

Na hili la wivu wa mayai liishe leo. Hupendi mayai. Nyumba nzima tunajua hupendi mayai, hata Baba marehemu alikuwa akikutania. Mtu anaoneaje wivu kitu kinachomtia kichefuchefu? Sema unachoonea wivu hasa, tukijue, tugombane vizuri.

Mdogo wako


Jumatano, 6 Machi, nimeanza asubuhi

Mdogo wangu,

Salamu zitangoja. Sijui u mzima au hu mzima, na mimi sijiulizi kama ni mzima.

Kopo limefika. Nimelifungua mezani, nikatia kidole. Kwenye unga ule kulikuwa na kipande kimoja hukukimaliza, kidogo kama ukucha, kina mstari wa penseli. Saba, au moja. Nikakaa chini.

Sasa soma bila kunikatiza.

Tangu Desemba kuku huyu hajapewa ganda hata moja. Nilikuwa nikiyaleta kutoka mgahawani, nikiyamwaga shimo la taka, kisha naingia jikoni na kutwanga kinu kitupu. Kila Jumamosi. Kinu kitupu, ili Mama asikie. Macho yake hayaoni tena mpaka jikoni, lakini masikio yake yanahesabu. Nilikuwa natwanga na kusema moyoni, kama mayai si yangu, kwa nini nguvu ziwe zangu? Mwanamke mzima, mwenye miwani, mwenye wateja, anatwanga hewa. Sikutaka afe. Sikufikiria kwamba kuku anaweza kufa kwa hilo. Nilitaka mayai yapungue, ulikose moja, ulione gazeti tupu.

Halafu umesema sipendi mayai.

Ulikuwa na miaka mitano, mimi minane. Uliugua surua, siku ya tatu hukula kitu. Ndani kulikuwa na yai moja. Mama alilishika, akakuangalia wewe kitandani, akaniangalia mimi mlangoni, na mimi nilikuwa na njaa, na aliiona. Alisimama na lile yai kama mtu aliyeshika kaa la moto. Nikasema, "Mimi sipendi mayai. Yananuka." Uso wake ukapoa. Ukapoa kabisa, nauona mpaka leo. Akakupikia.

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Miaka arobaini na moja. Na mimi nilikuwa nikingoja kuulizwa. Mkipikiwa mayai, Mama anachukua kikaango anatoka nacho nyuma ya nyumba, wewe na Baba mnamfuata, mlango unafungwa. Mimi nabaki mezani na chai. Nilijua mnakula kwa kunificha. Nilisikia mnacheka. Nikajifunza kushona, wakati mwingine nadhani, kwa sababu cherehani ina kelele.

Umeuliza naonea wivu nini hasa. Ule mlango.

Ngoja. Mama ananiita.


Jumatano hiyo hiyo, saa tano

Amelitaga.

Niliporudi kwenye boksi alikuwa amechuchumaa, anatetemeka mwili mzima. Nilimpa uji wako kijiko kimoja, nikamrudisha kwenye beseni, maji ya uvuguvugu mpaka tumboni. Mama pembeni. Dakika ya kumi na tano hivi akaanza kujikamua, safari hii kwa nguvu, mdomo wazi. Likatokeza. Jeupe. Nikaona mkono wangu wenyewe unakwenda kulivuta. Mama akanipiga kofi la kiganja, la kweli, kama nina miaka minane. "Mwachie mwenyewe!"

Nikamwachia. Nikakinga tu viganja viwili chini yake, majini. Akajikamua mara nne. Ya tano likaja lote, likaangukia mikononi mwangu, la moto, laini. Halikuwa na ganda la kusema ganda. Ngozi tu, kama karatasi iliyolowa. Ndani unakiona kiini kikitembea. Nililishika kama ninavyoshika hariri ya bibi harusi, nisije nikaacha alama.

Kengele akasimama kwenye beseni, akajitikisa, akatulowesha wote wawili. Kisha akapiga kelele zake zile, za mtaa mzima. Jirani akauliza nyuma ya ukuta, "Kapona?" Mama akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi ya Baba.

Akanyoosha mkono. "Lete niliandike."

Nikamletea penseli. Akaligusa kwa ncha, akaona linabonyea, akaacha. Akalipapasa.

"Hili halisafiri," akasema.

"Halisafiri, Mama."

"Basi tumpe nani? Jirani?"

"Nipe mimi."

"Wewe? Wewe hupendi mayai."

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe."

"Nilikuwa na miaka minane, Mama."

Akageuza uso kunielekea. Unajua anavyofanya siku hizi, anakutafuta kwa sikio. Nikamwambia. Yai lile la surua, njaa yangu, uso wake ulivyopoa. Nikamwambia na habari ya mlango. Sauti yangu ilipanda, nilimpigia kelele mama yetu, na sijutii.

Akasema, "We mtoto! Mlango nilifunga harufu isikufikie. Miaka yote hiyo nakaanga mayai nje, juani, kwenye mvua na mwavuli, moshi machoni, kwa sababu mwanangu yanamnukia vibaya. Baba yako ananiambia, mzoeshe tu, atazoea. Namwambia, mwache, mmoja wetu asiteseke. Na wewe ulikuwa unataka?"

"Nilikuwa nataka."

"Sasa mbona hukusema?"

Una jibu wewe? Mimi ninayembishia bwana mifugo, mwalimu mkuu na serikali ya mtaa kwa siku moja, nilibaki nikilitazama yai.

Nikasema bora nimalize. Nikamwambia kuhusu kinu. Nilimwambia nimepiga magoti vile vile, nikiwa nimelowa maji ya kuku, yai mkononi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliinuka, akamchukua Kengele kwa taulo, akaingia naye chumbani, akafunga mlango.

Sasa unajua yote. Nimemtesa kuku aliyekuwa akimshikilia Mama hapa, na nimemtesa kwa ajili ya kitu nilichokikataa mwenyewe. Akisema anataka kuja kwako nitalifunga begi lake kwa mikono hii. Nitalishonea hata mpini mpya. Sina haki ya kumzuia, na wewe una haki ya kufurahi, furahi.

Yai liko kwenye kikombe, mezani. Sijaligusa. Gari linakuja.

Dada


Jumapili, 14 Aprili

Dada, shikamoo.

Natumaini hamjambo, bega limepoa, suruali ya mwalimu mkuu imerudi kazini kwake. Wiki tano umenyamaza, na mimi nimenyamaza. Nilianza barua tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hasira na ilikuwa nzuri sana, nilisikitika kuichana. Kuku wa watu! Kinu kitupu! Nilikuwa na hoja za kujaza daftari.

Kisha nikakumbuka lile yai. Si lako la juzi, lile langu. Nakumbuka kijiko cha bati. Nakumbuka Mama akipuliza. Wewe sikukuona mlangoni. Kila nikifumba macho nakutafuta hapo mlangoni na sikuoni, kwa sababu nilikuwa nakula.

Wiki ya kwanza dereva alikuja mikono mitupu. Nikasema kuku bado anapumzika, na ndivyo inavyotakiwa. Wiki ya pili, mikono mitupu. Wiki ya tatu nikamuuliza, "Kengele hajambo?" Akacheka. "Kengele? Anataga mpaka mtaa haulali mchana. Na bibi yule na dada yako asubuhi wako uani na kikaango, mlango wazi, harufu inanifikia barabarani. Juzi wamenipa na mimi kipande."

Wamempa na yeye kipande! Dereva wa mikate!

Dada, nilipanda ngazi ghorofa tatu bila kupumua kwa wivu. Niliingia ndani, nikakaa kwenye kile chumba nilichomwandalia Mama, kitandani, nikatazama dirisha. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na nilikuwa nataka yai. Ndipo nikakuelewa. Sikukusamehe, nilikuelewa. La kusamehe lilikuja Alhamisi.

Mama ameniandikia mwenyewe. Mistari inapanda na kushuka kama ngazi, lakini imesomeka. Ameandika hivi: "Mwanangu, siji. Dada yako ndiyo kwanza anajifunza kula mayai, na anayaunguza. Kinu namshikia mimi sasa, natia kidole kabla hajatwanga. Chumba chako kizuri, lala wewe huko kwenye dirisha, hiyo migongo yenu ya zamu za usiku haipati jua."

Nimehamishia kitanda changu huko. Asubuhi jua linanipiga usoni.

Kengele msalimieni. Sanduku la viatu liko tupu, lina lile ganda moja tu nililolibakiza. Sikukuambia kwa nini nilibakiza hilo. Tarehe yake ni siku uliyotoka hospitali na nimonia yako. Mama alikuwa ameandika tarehe, na chini yake, kwa herufi ndogo, "karudi." Siku tisa zile alikula na kuomba nyongeza, eti? Mimi alikuwa akiniandikia barua kila siku, na katika zote hakuna neno kuhusu chakula, ni wewe tu.

Sikuombi kitu.

Mdogo wako


Jumatano, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo, na wewe usiumwe.

Kwenye kikapu, katikati ya mikate, kuna yai moja. Ganda gumu, nimeligonga kwa kastabini yangu ya kidoleni, halikutikisika. Tarehe nimeandika mimi, kwa chaki ya kushonea, maana mkono wa Mama leo unatetemeka, na Mama alisimama pembeni ananisahihisha herufi. Mama alitaka tukutumie matatu. Nimekataa.

Kula kabla ya Ijumaa. Maganda rudisha.

Dada